Jenereta Inachemsha Chumbani: Anza na Hewa, Spana Baadaye

Jenereta ya akiba iliyofungwa chumbani ina tabia moja inayowachanganya mafundi wengi. Ukiijaribu kila wiki kwa dakika 10 bila mzigo, haina tatizo lolote. Siku umeme unapokatika kweli na jengo zima likaiegemea, inakwenda dakika 40 au saa moja, alamu ya joto inalia, inazima. Anaitwa fundi, anabadilisha themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta). Umeme unakatika tena, hali ni ile ile. Inabadilishwa pampu ya maji, hali ni ile ile. Nimewahi kufika mahali ambapo rejeta nzima ilishabadilishwa, mpya inang'aa, na tatizo lilikuwa mgongoni kwangu pale niliposimama: luva ya kuingiza hewa (tundu la ukutani lenye mabamba) ilikuwa imepigiliwa mbao kwa ndani ili mvua isirushe maji kwenye paneli.

Injini haijui hali ya hewa ya nje. Inaijua hewa inayofika usoni mwa rejeta tu. Kwa hiyo chumba ni kiungo cha mfumo wa kupoza sawa na pampu, feni na maji, na kikiwa na kasoro hakuna kipuri kitakachoitibu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza nje ya injini, unaingia ndani polepole.

Kabla hujaingiza mkono

Jenereta ya akiba hujiwasha yenyewe. Umeme ukikatika wakati vidole vyako viko kwenye mkanda wa feni, haitakuuliza. Weka swichi ya paneli kwenye kuzima, bonyeza kitufe cha dharura, kisha chomoa waya wa hasi wa betri. Fanya yote matatu. Chaja ya betri izime kabla ya kuchomoa waya huo.

Kifuniko cha rejeta usikifungue ikiwa moto. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hubaki maji kwa sababu ya presha tu. Ukiitoa presha yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza na ukiubonyeza ubonyee.

La tatu ni moshi. Feni kubwa ya rejeta inanyonya hewa ya chumba kwa nguvu, na gasketi ya ekzosi ikivuja au bomba la moshi likitokea karibu na luva, kaboni monoksidi inaingia humo humo unamofanyia kazi. Haina rangi wala harufu. Ukianza kuumwa kichwa ndani ya chumba cha jenereta, toka nje kwanza, sababu utaitafuta baadaye.

Vipimo vinne

Chukua kipimajoto na uiache jenereta ibebe mzigo wa kweli mpaka joto litulie, jambo ambalo kwa kawaida huchukua saa moja hivi. Kisha andika namba nne kwa nyuzi za Selsiasi: hewa ya nje kivulini, hewa inapopita kwenye luva ya kuingilia, hewa inayogusa uso wa rejeta (pima pembe zote nne na katikati), na maji ya injini kama yanavyosomwa kwenye paneli.

Kwa nini uso wa rejeta? Kwa sababu kwenye seti nyingi (seti ni injini na alteneta yake pamoja) zilizofungwa chumbani feni husukuma badala ya kuvuta: hewa hupita kwanza kwenye alteneta, sehemu inayozalisha umeme, ikapita pembeni mwa injini, ikasukumwa kwenda nje kupitia rejeta. Inapofika kwenye rejeta imeshabeba joto la mwili wa injini na la alteneta. Kupanda kwa nyuzi 5 hadi 10 kutoka nje mpaka usoni mwa rejeta ni jambo la kawaida. Likifika 15 au 20, chumba chako kina shida hata kama alamu haijalia bado.

Namba ya kwanza na ya nne zina siri nyingine. Themostati ikishafunguka kabisa na mzigo usipobadilika, tofauti kati ya joto la nje na joto la maji hubaki karibu ile ile. Tuseme nje ni nyuzi 28 na maji yako 92. Tofauti ni 64. Siku nje ikifika 38, maji yatakaribia 102, na injini nyingi zimepangwa kujizima kati ya 100 na 105. Kwa hiyo asubuhi yenye ubaridi unaweza kujua kitakachotokea mchana wa jua kali, bila kusubiri kitokee.

Dalili: joto linashuka ukifungua mlango

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ni cha bure. Jenereta ikiwa na mzigo na joto limepanda, fungua mlango wa chumba wazi kabisa, subiri dakika 10. Namba ya maji ikianza kushuka, umemaliza nusu ya kazi: hewa ya kuingia haitoshi.

Kuna dalili ndogo zinazoambatana na hiyo. Mlango unaofunguka kwa nje ni mgumu kuvuta, au unaofunguka kwa ndani unakuponyoka mkononi. Luva inapiga mluzi. Vumbi linaingia kupitia matundu ya kebo. Yote yanasema kwamba feni imefanya ombwe ndani ya chumba na inahangaika kupata pumzi.

Unaweza kulipima ombwe hilo kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Mdomo mmoja uwe ndani ya chumba, mwingine utoke nje. Tofauti ya kimo cha maji ya milimita 12 ni karibu paskali 120 (paskali ni kipimo cha presha), na feni nyingi za rejeta zimeundwa kuvumilia kiasi cha paskali 125 tu kwa jumla, yaani kizuizi cha kuingia pamoja na cha kutoka (namba ya seti yako imo kwenye karatasi ya mtengenezaji). Ukiona milimita 12 upande wa kuingia pekee, feni imeshamaliza uwezo wake wote kabla hewa haijaanza safari ya kutoka. Kwa mlango wa mita 1 kwa 2, paskali 120 ni nguvu inayokaribia uzito wa kilo 24 iliyosambaa mlango mzima. Kwenye kitasa utaihisi kama nusu yake. Ndiyo maana mkono wako nao ni kipimo.

Sababu iliyo kubwa ni hesabu ya tundu. Mtu hupima luva mita 1 kwa mita 1, akaandika mita 1 ya mraba. Lakini mabamba ya luva yanakula nafasi. Mara nyingi kinachobaki wazi kwa hewa ni nusu, na ukiongeza wavu wa kuzuia ndege na wadudu kinapungua tena. Kanuni ya kazi ninayoifuata ni kwamba nafasi iliyo wazi kweli ya kuingilia iwe mara 1.5 hadi 2 ya uso wa rejeta, na ya kutokea isipungue mara 1.25 ya uso huo. Rejeta yenye uso wa mita 1.5 za mraba inataka angalau mita 2.25 zilizo wazi, maana yake luva yenyewe, kwa mabamba yanayoziba nusu, iwe kama mita 4.5. Wachoraji wa majengo hawaipendi namba hii. Feni haijali.

Kama tundu lilitosha siku ya kwanza na leo halitoshi, angalia kilichobadilika. Wavu umejaa majani na manyoya ya vumbi. Mtu ameongeza vizuia sauti vya ndani bila kuongeza ukubwa wa tundu. Mahali ambapo pamefungwa vichujio vya vumbi, vimechoka. Chumba kimegeuka stoo na maboksi yamepangwa mbele ya luva. Au nje pamejengwa ukuta mpya, na hewa inalazimika kuzunguka kona kali kuingia.

Luva za mota zinastahili aya yake. Zile zilizofungwa vizuri hufunguka kwa springi na hufungwa kwa umeme, ili umeme ukipotea zibaki wazi. Nimekuta nyingi zimefungwa kinyume: zinangoja umeme ndipo zifunguke, na umeme huo unatoka kwenye breka ndogo ambayo hakuna anayeikumbuka. Breka ikiruka, jenereta inawaka ikiwa imezibwa mdomo. Ijaribu hivi: zima breka ya luva kwa makusudi, uangalie mabamba yanaelekea wapi. Yakifunga, waya zipangwe upya kabla hujaondoka. Na usikubali jibu la kwamba "hufunguka jenereta ikishatoa umeme", kwa sababu kuna siku mota ya luva itakuwa imekwama kwa kutu na hapatakuwa na mtu wa kuiona.

Dalili: usoni mwa rejeta kuna joto kuliko sehemu nyingine ya chumba

Mlango uko wazi, hewa inaingia tele, lakini kipimo cha tatu kinasoma 50 wakati katikati ya chumba ni 37. Au pembe mbili za juu za rejeta zina joto na zile za chini hazina. Hapa hewa inazunguka: iliyokwisha kutoka moto inarudi kunyonywa upya.

Njia ya kwanza ya kurudi ni ule mwanya kati ya rejeta na ukuta. Seti ikiwekwa nusu mita kutoka kwenye tundu bila kuunganishwa, hewa ya moto inagonga ukingo wa ukuta na sehemu yake inageuka nyuma, maana ndani kuna ombwe linaloivuta. Dawa ni kuunganisha fremu ya rejeta na ukuta kwa mkono wa turubai nzito inayostahimili joto, uliobanwa pande zote nne. Uwe wa kulegea, usiwe bati lililofungwa kwa boliti ngumu, kwa sababu seti inatikisika juu ya mipira yake na bati litapasuka au litapasua rejeta. Ukaguzi wake hauhitaji chombo: funga utepe mwembamba wa plastiki kwenye kijiti, upitishe polepole kuzunguka maungio. Utepe ukivutwa kuelekea chumbani, umeona tundu.

Njia ya pili iko nje. Luva ya kutokea na ya kuingilia zikiwa ukuta mmoja, au zote zikitazama ua mdogo uliozungukwa na kuta, hewa ya moto haina pa kwenda ila kurudi. Linganisha kipimo cha kwanza na cha pili: kama hewa ya kwenye luva ya kuingilia ina nyuzi 4 au 5 zaidi ya hewa ya nje iliyo mbali, jibu ni hilo. Wakati mwingine inatosha kuweka mfereji wa bati unaoipeleka juu hewa inayotoka; wakati mwingine lazima tundu lihamishwe. Katika uchaguzi huo ninashauri kuhamisha. Mfereji wenye kona mbili unaweza kula presha yote uliyokuwa unaitafuta.

Ya tatu ni upepo. Tundu la kutokea likitazama upande upepo unakotoka, upepo wa mita 12 kwa sekunde hulisukuma kwa karibu paskali 86, zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya feni niliyoitaja. Dalili yake ni ya kuudhi kwa sababu inakuja na kuondoka: jenereta inachemsha siku fulani na siku nyingine yenye joto lile lile haichemshi. Mwulize mlinzi kama siku hizo zilikuwa na upepo. Ukuta wa kukinga hufaa, mradi usisogezwe karibu mno na tundu. Umbali usipungue kimo cha rejeta, na mara tatu ya kimo hicho ni bora zaidi.

Ya nne huwapata wenye seti mbili katika chumba kimoja. Moja ikifanya kazi na nyingine imepumzika, ombwe la chumba huvuta hewa kinyumenyume kupitia rejeta ya ile iliyopumzika. Na nje ya rejeta hiyo kuna nini? Hewa ya moto iliyotoka sasa hivi kwa jirani yake. Weka mkono mbele ya rejeta ya seti iliyozimwa: ukihisi upepo unakuja ndani, inahitaji luva inayojifunga yenyewe upande wa kutokea.

Dalili: hewa ni nzuri, injini bado inachemsha

Sasa ndipo spana inapohusika. Kama hewa iliyo usoni mwa rejeta imepita ya nje kwa nyuzi 6 tu na maji bado yanakwenda 103, tatizo limo ndani ya seti.

Pima mpira wa juu na wa chini wa rejeta kwa kipimajoto cha miale, jenereta ikiwa na mzigo. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 5 hadi 10 hivi. Kama yote miwili ni moto na tofauti ni ndogo sana, maji yanazunguka ila hayaachi joto, kwa hiyo shida iko upande wa hewa: mapezi (vibati vyembamba vya rejeta) yameziba, mkanda unateleza, feni ina kasoro. Kama wa juu unaunguza na wa chini una ubaridi wa kushangaza, tofauti ya 20 au zaidi, maji yanapita kidogo mno: themostati haifunguki vizuri, pampu imechoka, mirija imeziba, au mpira wa chini unanyonywa na kubanana injini ikipandisha mzunguko.

Mapezi yaliyoziba hudanganya wakaguzi kila siku. Kwa kuwa feni inasukuma kutoka ndani, uchafu hukwama upande wa injini, nyuma ya kava la feni, mahali usipopaona ukisimama nje. Ukitazama kwa nje rejeta ni safi kama mpya. Fungua kipande cha kava umulike tochi. Mara nyingi utakuta utando wa vumbi ulioshikana na mafuta, na mafuta hayo yanatoka kwenye bomba la kupumulia la injini lililoachwa likielekea kwenye feni. Liongoze bomba hilo kwingine, vinginevyo utasafisha tena baada ya miezi michache. Penye turbo (kinachosukuma hewa ndani ya injini) na kipoza hewa chake kimekaa sambamba na rejeta, uchafu hujificha katikati ya viwili hivyo na haufikiki mpaka vitenganishwe.

Safisha kinyume cha njia ya hewa, yaani kutoka nje kuja ndani, kwa sabuni ya kuondoa grisi na maji ya presha ndogo. Mashine za kuoshea magari hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa tena. Funika alteneta kabla hujaanza, na uiache seti ikauke.

Mkanda unaoteleza hung'aa kwenye kingo na kuacha unga mweusi. Ikiwa feni ina mikanda miwili au mitatu, badilisha yote pamoja. Mpya ukichanganywa na ya zamani unabeba mzigo peke yake. Feni yenyewe iangalie kama ilifungwa sahihi baada ya matengenezo. Feni ya mkanda iliyogeuzwa uso bado inasukuma upande ule ule, ila hewa kidogo sana, hivyo mkono hautakuambia. Kwa rejeta iliyowekwa mbali yenye feni ya mota ya fezi tatu ni tofauti: fezi mbili zikibadilishana, feni inazunguka kinyume na hewa inakwenda kinyume. Hilo hutokea baada ya mtu kuhamisha nyaya, na huwezi kulithibitisha kwa umeme wa nje kama mota inalishwa na jenereta. Iwashe jenereta yenyewe ndipo uangalie.

Upande wa maji, anza na kifuniko. Kifuniko cha kilopaskali 70 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu kutoka nyuzi 100 hadi karibu 115. Springi yake ikichoka umerudi kwenye 100, na ukiwa mwinuko wa mita 1,500 umerudi kwenye 95. Ni kipuri kidogo kinachosahaulika, nami hukibadilisha mapema kuliko vingine. Mwinuko unagusa hewa pia: kwa mita 1,500 ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, feni inasukuma ujazo ule ule lakini uzito pungufu, na kinachobeba joto ni uzito.

Maji ya bomba yenye chokaa hayafai, hata kama ndiyo yaliyo karibu. Chokaa hujenga ganda ndani ya mirija na kwenye kuta za silinda, na ganda ni blanketi. Tumia maji yaliyosafishwa pamoja na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) aliyoitaja mtengenezaji, kwa uwiano wake. Kulanti nayo huzeeka, na dawa zake za kuzuia kutu zikiisha silinda huanza kutobolewa kwa nje na mapovu madogo ya mtikisiko. Baada ya kujaza, toa hewa kwenye koki zake. Hewa iliyonaswa juu ya injini ni sababu ya kawaida ya jenereta kuchemsha siku ile ile iliyofanyiwa huduma.

Mapovu yanayoendelea kutokea kwenye tangi la juu wakati injini iko kwenye mzigo, na hewa ulishatoa yote, yanaashiria gasketi ya silinda hedi au hedi iliyopasuka. Zima. Hapo si suala la chumba tena.

Dalili: chumba kinachoma, maji ya injini yako sawa

Hii ni ya wenye rejeta iliyowekwa nje au juu ya paa. Maji yanapozwa vizuri, lakini feni kubwa iliyokuwa inapitisha hewa chumbani haipo tena, na joto la mwili wa injini limebaki bila mtu wa kulitoa. Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi usawa wa bahari, na kila kilo hubeba karibu kilojuli 1 kwa kila nyuzi inayopanda. Gawanya kilowati za joto kwa 1.2, kisha kwa nyuzi unazokubali zipande. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde.

Tuseme alteneta inatoa kilowati 200 kwa ufanisi wa asilimia 94. Inapoteza karibu kilowati 13. Karatasi ya injini iseme kilowati 20 zinakwenda kwenye hewa ya chumba. Jumla 33. Ukikubali chumba kipande nyuzi 10, unahitaji mita 2.75 za ujazo kila sekunde, na juu yake hewa ya kuchomea mafuta, ambayo ni kama mita 0.1 ya ujazo kwa dakika kwa kila kilowati. Feni ndogo ya dirishani haiifikii namba hiyo hata kwa mbali.

Kabla ya kununua feni kubwa zaidi, angalia ekzosi. Moshi kwenye mzigo kamili huwa kati ya nyuzi 450 na 550 kwenye injini nyingi, na bomba lisilovikwa pamoja na sailensa iliyo ndani ya chumba ni jiko. Vika bomba na sailensa kwa sufi ya madini na bati juu yake. Manifoldi (bomba linalokusanya moshi kwenye injini) na turbo usivivike kienyeji bila idhini ya mtengenezaji. Vinaweza kupasuka kwa kukosa pa kutolea joto.

Chumba cha moto kina waathirika walio kimya. Alteneta nyingi hupewa uwezo wake kwa hewa ya nyuzi 40. Ikinyonya 50, uwezo halisi ni mdogo kuliko uliochorwa kwenye kibao, na mafundi wa umeme huhesabu kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa insulesheni kwa nusu. Breka zenye kinga ya joto huruka kabla ya wakati. Betri hukauka. Dizeli inayorudi kutoka kwenye injini hulipasha joto tangi dogo la siku, nayo dizeli ya moto ni nyepesi, nguvu inapungua.

Dalili: moshi mweusi na nguvu imeshuka, joto halijafika alamu

Fungua mlango kama mwanzo. Moshi ukipungua, injini ilikuwa inakosa hewa ya kuchomea au inapewa ya moto mno. Usipopungua, angalia chujio la hewa na kiashiria chake. Kama masizi yamelijaza upesi kuliko kawaida, fuatilia bomba la moshi linapoishia: huenda linapumua kwenye luva ya kuingilia, na masizi hayo hayo yanakwenda kuziba rejeta.

Dalili: alamu inalia dakika chache baada ya kuzima

Injini ikizimwa ghafla kutoka kwenye mzigo, maji yanasimama na chuma bado ni cha moto. Joto la chuma linaingia kwenye maji yasiyotembea. Iache izunguke bila mzigo dakika 3 hadi 5. Kwenye mfumo wa kujiendesha, angalia muda huo kwenye paneli, na uhakikishe luva za mota hazijifungi kabla haujaisha.

Dalili: geji inasema baridi, injini inanuka kuungua

Hii ndiyo inayoua injini. Maji yakimwagika yote, sensa ya joto inabaki ikining'inia hewani, na hewa haiipi joto kama maji. Paneli inaonyesha 70 au inashuka, huku silinda hedi inaungua. Seti isiyo na sensa ya kimo cha maji haina kinga dhidi ya hili, kwa hiyo kama yako haina, ifunge. Kinyume chake, alamu inayolia injini ikiwa ya vuguvugu kwa kweli ni sensa au waya wake. Thibitisha kwa kipimajoto cha miale kwenye kiungo cha themostati kabla ya kuinyamazisha.

Kuijaribu baada ya kazi

Usiikabidhi kwa jaribio la bila mzigo. Weka mzigo ulio karibu na ule itakaoubeba siku ya kukatika, wa jengo au wa mashine ya kupimia, mlango umefungwa, luva katika hali yake ya kila siku, angalau saa moja baada ya joto kutulia. Chagua mchana. Mlango uufunge hata kama wenye chumba wanasema huwa wanauacha wazi, maana usiku mlinzi ataufunga. Andika zile namba nne, pamoja na mzigo na saa, kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa paneli. Atakayekuja mwakani akikuta tofauti ya 64 imekuwa 70, atajua rejeta inaanza kuziba kabla alamu haijamwambia.